Mbwa Mwenye Vijiwe vya Kibofu: Jawabu kwa Dada wa Moi's Bridge

Juma hili tumeiweka kando ile mada ya mirathi tuliyoahidi kuiendeleza, kwa sababu imetufikia barua ambayo mwenyewe anahitaji jawabu kwa haraka, na kuichelewesha kungekuwa ni kuidhulumu nafsi yenye uhai.

Aliyeandika ni dada yetu mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa bara na sasa anakaa Moi's Bridge, ule mji wa mahindi ulioko kati ya Eldoret na Kitale, ambao wazee waliujua kwa jina la Hoey's Bridge. Mumewe analima mahindi na kufuga ng'ombe wachache wa maziwa. Wana mbwa dume mwenye umri wa miaka sita, anayelala nje karibu na ghala na zizi, na dada yetu anasema tangu aletwe hawajaibiwa gunia wala ndama. Sasa mbwa huyo anachuchumaa mara nyingi kukojoa na kinachotoka ni matone tu, tena yenye damu. Daktari wa mifugo amempiga picha ya eksirei na kuona vijiwe ndani ya kibofu. Amewaeleza mambo matatu: kumpasua, kumjaribu kwa chakula maalumu na dawa, au kumdunga sindano ya kumaliza uhai wake. Jirani naye ameongeza la nne, nalo ni kutia sumu katika kipande cha nyama. Mama mkwe wake aliyeko Pwani amempigia simu kumwambia kwamba kumtoa mbwa pesa ni israfu, na kumshika ni kujipaka najisi. Mtoto wao wa kiume, mwenye miaka kumi, hali chakula kwa huzuni. Dada yetu anauliza: ipi ni njia ya haki mbele ya Mwenyezi Mungu, na je, atapata dhambi kwa kutumia pesa za mavuno juu ya mbwa?

Tuanze na lile la mama mkwe, kwa kuwa wengi wetu Pwani tunalo moyoni hata kama hatulisemi. Sisi tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito, yeye na mate yake na jasho lake na mkojo wake. Hilo hatulipunguzi. Lakini najisi ni hukumu ya usafi wa swala, si hukumu ya chuki. Damu yetu wenyewe ikitoka ni najisi, na hakuna aliyesema mtu anayevuja damu aachwe afe. Watu wamechanganya mambo mawili, wakafika mahali pa kuona kwamba kumrushia mbwa jiwe ni sehemu ya dini.

Kila mtoto aliyepita chuoni kwetu amesomeshwa Safina. Na aikumbuke mahali inapotaja sababu za kutayamamu. Ya tatu ni kuwa maji yaliyopo yanahitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa. Kisha kitabu kinawataja wasioheshimiwa kuwa ni sita, na miongoni mwao yumo mbwa, lakini si kila mbwa: ni mbwa mkali anayeshambulia watu. Maana yake iko wazi kwa mwenye kutafakari. Mbwa asiyekuwa mshambuliaji amebaki upande wa wanaoheshimiwa, hata mtu aliye safarini na maji kidogo ampe mbwa huyo anywe, na yeye mwenyewe atayamamu kwa udongo. Tumeyahifadhi maneno hayo tungali wadogo, tukayasoma kwa sauti moja pamoja na wenzetu, na wachache mno kati yetu waliambiwa yana maana gani kwa mbwa aliyelala nje ya mlango.

Kumweka mbwa huyu nako hakuna tatizo. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) alionya kwamba mwenye kuweka mbwa pasipo haja hupungukiwa na thawabu kila siku, lakini akawatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imamu Nawawi akaeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mbwa wa kulinda nyumba naye anaingia kwa kiasi. Mbwa wa dada yetu analinda shamba, mifugo na ghala kwa pamoja. Kama yupo mbwa aliyeruhusiwa, basi ni huyo. Na asije mtu akasema kwamba sasa ni mgonjwa, halindi tena, kwa hiyo ruhusa imekwisha. Mlinzi anayetibiwa hajaacha kuwa mlinzi.

Sasa tuingie katika ugonjwa wenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu jambo asilolijua, na hapa tumewauliza wajuzi wa fani hiyo kabla ya kushika kalamu.

Vijiwe vya kibofu hutokana na chumvichumvi zilizomo katika mkojo ambazo hushikana, zikawa mchanga, kisha changarawe, kisha mawe. Binadamu huyapata pia, na si wachache wanaosoma ukurasa huu walio na baba au mjomba aliyeyapata ya figo. Kwa mbwa, aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi. Ya kwanza huitwa struvaiti, na kwa mbwa aghalabu huletwa na uambukizo: vijidudu huingia katika njia ya mkojo, huugeuza mkojo ukapoteza uchachu wake, na katika mkojo wa namna hiyo mawe hujijenga upesi. Hii huwapata majike zaidi, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi na vijidudu hupanda kwa urahisi. Aina ya pili ni oksaleti ya kalsiamu, ambayo hupenda mkojo wenye uchachu na huwapata madume zaidi. Zipo nyingine chache, kama yureti na sistini, ambazo hufuata ukoo wa mbwa au kasoro ya ini, na hizo huweza hata zisionekane vizuri katika eksirei ya kawaida, zikahitaji altrasaundi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua matibabu. Struvaiti huweza kuyeyushwa bila kisu: mbwa hupewa chakula maalumu kilichopunguzwa madini fulani, pamoja na dawa ya kuua vijidudu kwa muda wote wa kuyeyusha, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, huku akipigwa picha mara kwa mara kuona kama mawe yanapungua. Oksaleti haiyeyuki. Hata umlishe chakula gani, hata umnyweshe nini, jiwe la oksaleti litabaki jiwe, na dawa yake ni kulitoa.

Kwa hiyo tunamwomba dada yetu amwulize daktari wake swali moja kabla ya yote: je, mkojo wa mbwa umepimwa? Picha imeonyesha kwamba mawe yapo, wapi yalipo na ukubwa wake, lakini peke yake haimwambii daktari kwa yakini ni ya aina gani. Kipimo cha mkojo kitaonyesha uchachu wake, kama kuna damu na vijidudu, na chembechembe za aina gani. Hata hivyo chembechembe zinaelekeza tu, hazithibitishi, kwa maana huweza kuwa za aina moja na jiwe likawa la aina nyingine. Daktari huchanganya ishara zote, jinsia, umri, mkojo na picha, kisha hukisia kwa elimu. Yakini kamili hupatikana jiwe likiwa mkononi na kupelekwa maabara.

Na hapa tuwaonye wale wanaokimbilia maji ya ndimu na siki. Tumesikia watu wakishauriana kwamba siki huyeyusha mawe. Kuongeza uchachu pasipo kujua aina ya jiwe ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya jirani. Kama jiwe ni la oksaleti, uchachu ndio linaoupenda. Vilevile asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu vilivyobaki nyumbani. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac, vinavyopatikana katika kila duka la dawa, huweza kumharibu mbwa ini, tumbo au figo. Mtoto mwenye huruma anaweza kumwua mbwa wake kwa kidonge kimoja au viwili.

Kuna jambo jingine linalomhusu mbwa huyu hasa, kwa kuwa ni dume. Mbwa dume ana mfupa mdogo katika kiungo chake cha kukojolea, na njia ya mkojo hupita katika mfereji wa mfupa huo, mahali pasipoweza kutanuka. Kijiwe kidogo kikitoka kibofuni kikafika hapo, hukwama kama kizibo. Mkojo ukifungika kabisa, kibofu hujaa, sumu hurudi katika damu, figo hushindwa, na moyo huharibika mwendo. Mbwa aliyefungika hivyo huweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na kufa kwake ni kwa maumivu makubwa. Dada yetu na mumewe wamwangalie kila asubuhi na kila jioni. Akichuchumaa na kujikaza kisitoke kitu, tumbo likawa gumu, akatapika na kukataa chakula, hapo hakuna kungoja soko wala Jumatatu. Apelekwe saa ile ile. Daktari anaweza kupitisha mpira mwembamba na kukisukuma kijiwe kwa maji kirudi kibofuni, ili apate nafasi ya kumtibu kwa utulivu.

Kwa kuyajua hayo, tunaweza sasa kuyapima yale manne.

Lile la jirani tunalitupa kwanza. Sumu ni mauti ya mateso, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha wema hata katika kuua kile kilicho halali kuuawa. Zaidi ya hayo, nyama ya sumu haichagui. Huokotwa na mbwa wa mwingine, na paka, na kunguru, na katika nyumba yenye mtoto wa miaka kumi hatuhitaji kuendelea. Kumfungua na kumfukuza aende zake sokoni ni mlango ule ule kwa jina jingine. Ni kweli wanazuoni wetu wamesema asiyeweza kumlisha mbwa amwachilie, lakini makusudi ni kwamba achukuliwe na mwingine mwenye haja naye. Mbwa anayekojoa damu hachukuliwi na mtu. Yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie, habari yake mwaijua.

Sindano ya kumaliza uhai ndiyo inayotaka maneno, kwa sababu daktari ameitaja kwa nia njema, na katika kazi yake ni jambo la kawaida. Katika madhehebu yetu, wanazuoni wa Kishafi, akiwamo mwandishi wa Fat-hul Muin, wamesema ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kama kusudi ni kumpumzisha, wakapiga mfano wa punda aliyelemaa. Ndugu zetu wa Kimaliki wamelegeza, wakaruhusu kwa mnyama asiyeliwa aliyekatiwa tamaa kabisa. Hatuwafanyii inadi, kauli yao ina uzito. Lakini itazameni hali iliyoko mbele yetu: mbwa huyu hajakatiwa tamaa hata na kauli hiyo. Ana miaka sita, ana maradhi yenye dawa inayojulikana, na daktari mwenyewe ameanza kwa kutaja upasuaji. Kumwua mnyama anayetibika kwa kuwa kumwua ni rahisi zaidi si kumpumzisha yeye, ni kujipumzisha sisi. Ikitokea amefungika kabisa, mpasuaji hapatikani, na daktari muaminifu akashuhudia kwamba kilichobaki ni mateso tu na mauti, hapo kauli ya Kimaliki ina nafasi, nasi hatutamlaumu atakayeifuata.

Yamebaki mawili, chakula na kisu. Sisi si madaktari, na uamuzi wa mwisho ni wa anayemwona mbwa. Ila kwa tuliyoelezwa, mizani inaelemea upande wa upasuaji. Ni dume, na madume ndio wenye oksaleti zaidi, isiyoyeyuka. Kwa dume, hata mawe ya struvaiti yanapopungua ukubwa ndipo yanapoweza kuingia njiani na kukwama. Chakula kile maalumu ni cha kuagizwa kutoka nje, hupatikana zaidi katika miji mikubwa, na masharti yake ni kwamba mbwa asionje kingine chochote kwa wiki zote hizo. Mbwa wa shambani anayezunguka kati ya zizi na jikoni, nani atamzuia asiokote? Wapo watakaoanza na chakula, wakatumia pesa miezi miwili, mwisho wakaishia mezani kwa mpasuaji wakiwa hawana kitu. Lakini kama mkojo utaonyesha uambukizo mkubwa na dalili zote ni za struvaiti, na daktari ana matumaini, na nyumba inaweza kuyasimamia masharti, hiyo ni njia halali na nzuri, na inamwepusha na kisu.

Upasuaji wenyewe si jambo la ajabu. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo hupasuliwa, kibofu hufunguliwa, mawe yakatolewa, njia ya mkojo ikasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali ili kisibaki kijiwe, kisha hushonwa. Daktari mzuri hupiga picha tena kabla mbwa hajaamka vizuri, kuhakikisha hakuna kilichosahauliwa. Mkojo huweza kuwa na damu kidogo kwa siku chache. Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wenye kuona kwamba haya ni mambo ya Wazungu na wakumbuke kwamba Abu Bakr ar-Razi aliandika risala juu ya mawe ya figo na kibofu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake namna ya kulitoa jiwe la kibofu na vyombo vya kulitolea. Waliandika kwa ajili ya binadamu. Elimu ya kutibu wanyama nayo ilikuwa na jina lake na watu wake katika miji ya Waislamu, wakiitwa mabaytari.

Tena dada yetu ni mtu wa Lamu. Tangu 1987 iko pale hospitali ya punda. Punda wa kufugwa haliwi, na bado hakuna mzee wa Lamu aliyesimama kusema kwamba kumtibu ni israfu. Tutasema punda anabeba mizigo yetu. Na mbwa huyu anabeba nini usiku mzima, familia ikiwa imelala?

Ushauri wa vitendo: eneo lile ni la ng'ombe, na madaktari wengi wa huko mikono yao imezoea ng'ombe. Si aibu kumwuliza daktari, kwa adabu, kama amewahi kufungua kibofu cha mbwa, na kama ana dawa ya usingizi ya kuvuta au ya sindano na mtu wa kumsaidia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wawe wamesajiliwa na bodi yao, na kuulizia usajili ni haki ya mteja. Msaidizi wa afya ya mifugo anaweza kutoa huduma nyingi, lakini kupasua tumbo ni kazi ya daktari kamili. Ikiwa wa karibu atasema hana uzoefu, huyo ni mkweli, mshukuruni, kisha ulizeni Kitale na Eldoret. Mbali zaidi iko kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, ila mbwa aliye karibu kufungika si wa kusafirishwa mwendo huo kabla hajatazamwa.

Tuje kwenye pesa. Mwenye Minhaj, Imamu Nawawi, katika mlango wa matumizi baada ya kutaja haki za mke, watoto na wazazi, alitaja kwamba mwenye mnyama ni wajibu juu yake kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Na Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu alitia ndani yake kuwatumilia hata wakizeeka au wakaugua ugonjwa wa kutofaidika nao tena. Hebu fikirini, huyu alikuwa kadhi na mwanachuoni wa Kishafi, miaka zaidi ya mia saba iliyopita.

Basi chakula na maji ni wajibu usio na mjadala. Gharama ya upasuaji haifikii daraja hiyo ya ulazima kwa kila mtu. Nyumba ambayo pesa ya mbwa ni pesa ya unga wa watoto, au ya deni lililofika muda wake, au ya karo ambayo pasipo hiyo mtoto atarudishwa nyumbani, nyumba hiyo haitakiwi kumtanguliza mbwa. Ifanye iwezalo, imtafutie nafuu ya maumivu kwa daktari, imwombe alipwe kidogo kidogo. Lakini dada yetu ameandika kwamba mavuno yameingia ghalani, karo ya muhula imelipwa, na kilichowekwa ni cha kununulia viti vipya vya sebuleni. Kama ndivyo, jawabu letu ni kwamba hilo si israfu. Israfu ni kutumia pasipo haja au kupita kiasi cha haja. Hapa iko haja ya mnyama, na haja ya ghala, na viti vya zamani bado vinakalika. Walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wana ujira hata kwa wanyama, baada ya kuwasimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani na kumtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akawajibu kwamba kila chenye ini bichi kina ujira. Ni mbwa aliyetajwa katika kisa kile.

Jambo moja wanawake huwa hawaambiwi. Wajibu huu ni wa mwenye mbwa, naye ni mume. Dada yetu ametaja akiba yake ya maziwa. Hiyo ni mali yake, halazimiki kuitoa, na asionewe haya kwa kutoitoa. Akiitoa kwa ridhaa yake ni sadaka yake na thawabu zake, na mume ajue hivyo.

Daktari akimaliza, mwombeni mawe yale yahifadhiwe yapelekwe kupimwa, msiridhike kuonyeshwa na kutupwa. Jibu la maabara ndilo litakalosema nini cha kufanya yasirudi, maana mawe haya yana tabia ya kurudi. Kwa aina zote, maji mengi ndiyo kinga ya kwanza: bakuli safi lisilokauka, chakula kilicholowanishwa kwa maji, na kupewa nafasi ya kukojoa mara nyingi badala ya kufungwa mnyororo mchana kutwa. Ikiwa litakuwa jiwe la sistini, daktari anaweza kupendekeza ahasiwe. Imamu Nawawi ameharimisha kumhasi mnyama asiyeliwa, lakini maneno hayo ni pasipo dharura. Ikithibiti kwamba ndiyo tiba ya maradhi yake, hiyo ni tiba, nasi tuandikieni tena tulitazame kwa urefu.

Mwisho dada yetu anauliza kuhusu mtoto, ambaye ndiye atakayemwuguza: je, swala zake zitasihi? Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna kinachohama na hakuna cha kuosha. Atakapomsafisha kidonda au kukinga mkojo kwa ajili ya kipimo, avae glavu, na awe na kanzu moja kuukuu au suruali ya kazi hiyo tu, itundikwe nje, asiswalie. Ngozi au nguo ikipata majimaji ya mbwa, ioshwe mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, na ile miosho ya kuondoa uchafu wenyewe huhesabiwa kuwa mmoja. Sabuni haishiki mahali pa udongo kwa kauli yenye nguvu. Bakuli la mbwa liwe lake peke yake. Na pale anapolala, kama sakafu ni ya udongo, akikojoa panamwagiwa maji mara saba bila kuongezewa udongo mwingine, kwa kuwa udongo tayari upo. Mwekeeni magunia makavu chini ya paa la zizi, mbali na njia ya kwenda kwenye birika la udhu.